Uzi maalum: Counter-Strike 2 kwa wanaoanza, misingi ya kucheza na timu kabla hujakimbilia skini (mapambo ya bunduki)

Mlinzi_SaitiB:

Wakuu habari za muda huu.

Siku hizi wadogo zetu wengi wanahama kwenye magemu ya simu wanakuja PC, wanashusha CS2 kwa sababu ni ya bure, wanaingia mechi, dakika haijaisha washakufa, wanabaki kuangalia wenzao wanacheza, baada ya wiki wanafuta gemu wanasema hili linataka mkono, yaani wepesi wa kulenga. Mkono unatakiwa sibishi, ila ninavyowaangalia kinachowaua sio mkono, ni kwamba hawajaambiwa gemu lenyewe linaendaje, na hicho ni kitu kinachofundishika kabisa. Naweka hapa ninachokijua, wajuzi mtaongezea.

Kwanza gemu lenyewe. Watano kwa watano. Magaidi, tuwaite T, wana bomu moja na wanatakiwa walitege saiti A au saiti B, sehemu mbili zilizopangwa kwenye ramani. Askari, CT, wanalinda. Raundi ni dakika 1 na sekunde 55. Bomu likishategwa linalipuka baada ya sekunde 40, kulitegua ni sekunde 10 mikono mitupu na sekunde 5 kama umenunua kifaa cha kutegulia. Mkimaliza raundi 12 mnabadilishana upande, wa kwanza kufika 13 kashinda. Na ukifa ndo umekufa mpaka raundi ijayo. Hapa ndipo watu wa Call of Duty ya simu wanapopotea, kule ukifa unarudi baada ya sekunde chache kwahiyo umezoea kukimbia mbele tu, huku kifo chako kimewaacha wenzako wanne dhidi ya watano.

Sasa mambo yenyewe. Simama ndo upige. Hii ukiishika peke yake utaona mabadiliko. Bunduki za hapa ukipiga huku unatembea risasi zinakwenda zinakojua zenyewe, hata ulenge kichwa katikati. Ila ukiachia tu kitufe mwili unateleza kidogo kabla ya kusimama, kwahiyo watu wanafunga breki: kama unakwenda kulia kwa D, achia D, gusa A mara moja kwa haraka, hapo hapo umesimama wima, piga. Ingia mechi ya Deathmatch, ile ambayo ukifa unarudi hapo hapo, ukiwa na AK (bunduki kubwa ya T), usihangaike na idadi ya kuua, fanya hiyo tu, tokea ukutani, breki, risasi moja au mbili, rudi. Vidole vikizoea hutafikiria tena.

Kroshea, ile alama ya kulengea katikati ya skrini, iwe usawa wa kichwa muda wote. Nimeangalia marekodi ya watu wanaoomba ushauri, karibu wote wanatembea wakiangalia chini, adui akitokea ndo wanainua mausi. Umeshachelewa. Ukiwa unatembea kroshea ikae pale kichwa chake kitakapotokea, usawa wa kichwa na kando kidogo ya kona, sio juu ya ukuta wenyewe. Tumia maboksi na milango ya ramani kukadiria urefu. AK inaua kwa risasi moja ya kichwa hata mtu akiwa na kofia, kwahiyo kroshea ikikaa vizuri kazi ya mkono inakuwa ndogo sana. M4 ya CT ndo haifanyi hivyo, kichwa chenye kofia kinabaki na damu kidogo, unaongeza ya pili.

Na ukiishikilia kidole AK inapanda juu risasi kama nane hivi halafu inaanza kuyumba pembeni. Unaishusha kwa kuvuta mausi chini taratibu. Anayeanza asijitese na ruwaza nzima ya risasi 30: mbali piga mbili tatu, tulia, rudia, karibu ndo umwage.

Usife peke yako. Kwangu mimi hili ndo moyo wa gemu. Mkienda wawili, wa kwanza akifa wa pili anatakiwa amuue yule muuaji hapo hapo, sekunde moja mbili, kabla hajajificha au kubadili risasi. Tunaita kulipiza. Mkilipiziana kila kifo mnabaki mmoja kwa mmoja, wawili kwa wawili, hesabu haiwakimbii. Tatizo ni umbali. Ukiwa nyuma ya mwenzako hatua nyingi sana ukifika adui kashaondoka, ukimganda mgongoni mnakufa wote kwa risasi zile zile au anashindwa kurudi nyuma. Kaa mahali ambapo akipigwa wewe ukitoka hatua moja unamuona aliyempiga. Na usikubali kuzunguka ramani nzima peke yako dakika ya kwanza kwenda kuwashika mgongo, ukifa kule hakuna hata anayejua umeuawa na nani.

Pesa nitaziandika kivyake maana ni ndefu.

kijana_wa_pc:

Mkuu ubarikiwe. Mimi nimetoka kwenye simu kweli, laptopu yangu ina RAM 8, gemu linakubali ila linakwama kwama. Na sensi (kasi ya mausi ndani ya gemu) niweke ngapi? Kila video inasema lake

Mlinzi_SaitiB:

@kijana_wa_pc RAM 8 ndo kiwango cha chini wanachotaka Steam, duka la kushushia gemu hili, na nafasi ya diski 85 GB, kwahiyo jipange na bando kabla hujaanza kushusha. Punguza rezolushoni, shusha ubora wa picha wote, ila kwenye vivuli ile sehemu ya Dynamic Shadows acha kwenye All, kuna kona nyingi unaona kivuli cha mtu kabla yake mwenyewe na ukizima unajinyima taarifa ya bure.

Sensi: zidisha DPI (wepesi wa mausi yenyewe) na namba ya sensi ya ndani ya gemu. Maproo wengi wanaangukia kati ya 600 na 1200. Anza na DPI 800 na sensi 1, inakupa 800, kaa nayo hata kama unaona nzito. Anayetoka kwenye simu au pedi ya PS huwa anaweka juu sana kwa sababu anataka kugeuka haraka, matokeo yake kroshea inatetemeka. Hapa hugeuki geuki, unaweka kroshea mahali unasubiri. Tumia mkono mzima kuanzia kiwiko, sio kifundo tu. Na usibadilishe kila siku, ukibadilisha mwili unaanza kujifunza upya.

Mtu_wa_Pwani254:

Shukrani ndugu, niko Mombasa huku. Mimi shida yangu ni pingi, ule muda wa taarifa kwenda na kurudi kwa seva. Kuna siku naona mtu ameshaniua hata sijamuona akitokea kwa kona, narudia kuangalia naona nilikuwa nimemlenga kabisa.

AWP_na_Chai:

@Mtu_wa_Pwani254 hiyo ni kawaida ya magemu ya hivi, anayechungulia ana faida kidogo juu ya anayesubiri, kwa sababu yeye anakuona kabla seva haijakuletea picha yake. Pingi ikiwa juu ndo inazidi. Kwahiyo ukiwa na pingi kubwa usikae umebana kona nyembamba ukisubiri, kaa mbali na kona ili akitokea uwe na muda, au wewe ndo uwe unachungulia, breki, piga, rudi. Na usichungulie mara mbili pale pale, hasa kama wana AWP, ile bunduki ya kudungua kwa mbali, mara ya pili anakusubiri wewe.

Kuhusu seva, kwa Afrika Valve, wenye gemu, wana Johannesburg, na kuna Dubai. Usiamini mtu akikwambia moja ndo bora kwa wote, inategemea kampuni yako ya intaneti inapitisha njia gani, kuna watu wako mtaa mmoja, huyu Dubai ni nafuu na yule Johannesburg. Kwenye mipangilio ya gemu kuna sehemu ya kuweka pingi ya juu unayokubali, ishushe ili isikupeleke Ulaya. Na tumia waya kama inawezekana, WiFi inarukaruka hata kama pingi inaonekana nzuri.

Mlinzi_SaitiB:

Safi sana kiongozi. Nimerudi na pesa, wakuu someni hii taratibu.

Kila nusu mnaanza na dola 800 kila mtu. Raundi hiyo ni ya bastola. Unaweza kuchukua fulana ya 650, au ukaacha fulana ukachukua bastola ya P250, bomu la moshi na flashi (bomu la kupofusha), 300 na 300 na 200, imetimia 800. Chochote kati ya hivyo ni sawa ila msichukue wote kitu kimoja, mtu mmoja au wawili wawe na moshi na flashi za kuingilia.

Ukishinda raundi kwa kuwaua wote kila mtu anapata 3250, bomu likilipuka ni 3500. Ukifungwa unapata pole, na pole inapanda kadri mnavyofungwa mfululizo: raundi ya bastola mkifungwa ni 1900, mkifungwa tena 2400, tena 2900, mpaka 3400 inaishia hapo. Mkishinda inashuka ngazi moja.

Sasa chukua T amefungwa bastola, mfukoni sifuri, anapewa 1900. Njia ya kwanza: hanunui kitu. Wanafungwa, anapewa 2400, jumla 4300. Raundi ya tatu ananunua AK 2700, fulana na kofia 1000, imebaki 600, moshi 300 na flashi 200, anaingia kamili. CT naye ni hivyo hivyo, M4A1-S 2900, fulana na kofia 1000, 400 iliyobaki ndo bei ya kifaa cha kutegulia hasa. Njia ya pili: kaona 1900 ni nyingi, kanunua fulana na kofia, bastola kubwa na flashi, kazimaliza zote, kafungwa, raundi ya tatu ana 2400. AK hawezi. Ana bahati akipata ya kukopeshwa. Mkifanya hivyo mfululizo mnacheza nusu nzima hamjawahi kuwa na silaha sawa na wenzenu.

Kwahiyo kutonunua kitu kunaitwa kubana, na mnabana WOTE. Wawili wakinunua watatu wakibana hamna raundi mnayocheza vizuri, hii wala ile. Kabla ya kununua angalia pesa za wenzako, zinaonekana pale pale, mwenye 7000 amnunulie mwenye 1500. Ukinunua kimakosa kabla muda haujaisha unaweza kuirudisha ukapewa pesa yako.

Mengine ya haraka: kuua kwa AK au M4 unalipwa 300, kwa bunduki ndogo za MAC-10 au MP9 ni 600, kwa AWP ni 100 tu. Ndo maana baada ya kushinda bastola watu wananunua MAC-10 ya 1050 au MP9 ya 1250, adui hana fulana na kila kichwa kinalipa mara mbili. Na T sikilizeni, muda ukiisha hamjatega bomu halafu wewe uko hai, hupati hata senti ya pole. Kutega bomu kuna nyongeza yake hata mkifungwa, kwahiyo raundi ikiharibika bado kimbilia kutega.

Kichwa_Kimoja:

Mkuu naheshimu mchango wako ila hapa naona unawapoteza vijana. Pesa sijui kulipiza, haya yote yanakuja baadaye. Mtu ajifunze kulenga kwanza. Angalieni donk, mchezaji wa kulipwa, akiwa na miaka 17 kachukua Major (mashindano makubwa kabisa ya gemu hili) ya Shanghai na timu ya Spirit mwaka 2024 na akawa mchezaji bora wa mashindano, kwa nini? Anaua. Huwezi kulipiza kama huwezi kuua.

Mlinzi_SaitiB:

@Kichwa_Kimoja nakubali huwezi kulipiza kama huwezi kuua, na mazoezi ya kulenga nimeyaweka ya kwanza kabisa hapo juu, yasome. Ila anayeanza leo mkono wake utachukua miezi, huo muda wote acheze nini? Akijua kubana hela, akijua kukaa umbali wa kulipiza, akijua kurusha moshi mmoja ulio sahihi, ana faida kwa timu leo hii hata kama anaua watu watano mechi nzima.

Na ukimtaja donk mtaje na karrigan. Yule mdenmarki hajawahi kuwa anatisha kwa mkono kuwazidi wenzake, kazi yake ni kuongoza, nani aende wapi, lini wabane, lini wabadili saiti. Mwaka 2022 akaipeleka timu ya FaZe kushinda Major ya Antwerp, kikosi cha kwanza cha mataifa mchanganyiko kuchukua Major. Na huyo donk mwenyewe angalia anavyoingia, kuna mtu nyuma anamrushia flashi na kuna mtu wa kumlipiza. Watu wanakata klipu wanabakiza vichwa tu.

Kichwa_Kimoja:

Hapo kwenye flashi nakupa. Basi mwambie anayeanza dakika 20 za Deathmatch kila siku kabla ya mechi, yasiwe masaa mawili ya jumamosi halafu wiki nzima hakuna.

Mlinzi_SaitiB:

Hilo naliunga mkono kwa asilimia zote.

Binti_Tanga:

Naomba kuuliza kwa dada zangu na kaka zangu pia. Mimi nacheza vizuri tu ila nikifungua maiki nikaongea wakisikia sauti ya kike mechi inaharibika, matusi, maswali ya ajabu, wengine wanaacha kucheza. Nimebaki kimya sasa. Nawezaje kutoa taarifa bila kuongea? Maana kimya kimya naona nawaangusha wenzangu.

AWP_na_Chai:

Dada pole, na hao wanaofanya hivyo hawajui wanachokipoteza. Huwaangushi. Kwanza mtu akianza zima sauti yake hapo hapo kwenye ubao wa matokeo, usimjibu, mripoti, endelea. Pili kuna kitufe cha kati cha mausi, ukikibonyeza unaweka alama mahali unapoangalia na wenzako wote wanaiona, ukimuona adui weka alama, inatosha kabisa. Tatu kuna gurudumu la ujumbe mfupi, unachagua maneno ya kuweka kabla ya mechi. Ila bora kuliko yote tafuta watu wanne wa kudumu wa kucheza nao. Humu tupo.

Mlinzi_SaitiB:

@Binti_Tanga karibu kwetu, kwenye kundi letu maiki ni ya wote na matusi hakuna.

Na kwa kuwa tumefika kwenye taarifa niongeze hili kwa kila mtu. Ukifa, sekunde mbili za kwanza ndo zina thamani. Sema WANGAPI, WAPI, WAMEUMIA KIASI GANI, nyamaza. "Wawili Palace, mmoja ana damu 20." Basi. Usianze "aah jamaa kaniua kwa bahati mimi nilikuwa nimemlenga", mwenzako aliyebaki anahitaji masikio yake asikie hatua. Gemu hili unalicheza kwa masikio, ukikimbia unasikika, ukishika Shift unatembea kimya, kubadili risasi kunasikika, kuruka kutoka juu kunasikika. Mtu akibaki peke yake nyamazeni wote isipokuwa una taarifa mpya. Na jifunzeni majina ya sehemu kama yalivyo, Connector, Jungle, Window, Ramp, kwa sababu ukiangukia mechi na watu wa Johannesburg watayasema hayo hayo.

kijana_wa_pc:

Swali la mwisho mkuu. Moshi. Nanunua lakini sijui niutupe wapi, huwa nakufa nao mkononi

Mlinzi_SaitiB:

Usijifunze thelathini. Chukua ramani moja, Mirage, na jifunze mitatu ya kuingilia A: wa Stairs, wa Jungle, na wa upande wa CT. Hiyo mitatu ikidondoka pamoja, CT wa saiti A wanatenganishwa na wenzao waliokuwa wanakuja kusaidia, nyie mnatoka Ramp na Palace kwa wakati mmoja mnapigana na wawili tu badala ya wanne. Watu watatu, kila mtu moshi wake mmoja, wa nne anarusha flashi juu ya paa wanapotoka, wa tano ana bomu na anakuja nyuma kidogo. Hapo hakuna uchawi wa mkono. Tatizo la wanaoanza ni kwamba mioshi inatua, halafu watu wanasimama Ramp wanasubiriana mpaka inaisha. Ikitua tokeni.

Ukiwa umeshika moshi au bomu la mkono na unahisi mtu yuko karibu, rudisha bunduki kwanza. Ukiwa unakimbia sehemu salama shika kisu, unakwenda kasi 250, ukiwa na AK ni 215, ila ukikaribia kona kisu kirudi mfukoni.

Mambo ya CS2 yenyewe: moshi ukipigwa bomu la mkono unafunguka katikati kwa muda mfupi, mnaona ng'ambo. Na moshi unazima moto wa molotovu, kwahiyo wakichoma njia yenu rusha moshi juu yake pita.

Fungua mechi ya mazoezi peke yako, washa risasi zisizoisha na kamera ya mabomu kwenye mipangilio, rusha kila mmoja mpaka utue bila kufikiria.

Mtu_wa_Pwani254:

Na ukiwa CT hapo Mirage B peke yako wakija watano?

AWP_na_Chai:

Usifie saiti. Kazi yako ya kwanza ni kuwaambia wenzako wanakuja wangapi, ya pili ni kuwachelewesha, ya tatu ndo kuua. Kama una moto utupe mlangoni mwa apartments wakianza kutoka, ua mmoja kama inawezekana, rudi nyuma kuelekea Market, subiri wenzako. Wakishatega mna sekunde 40, zinatosha kabisa kuingia wanne mkiwa pamoja. Mkiingia mmoja mmoja kila anayefika anakuta watano, ni kama mechi ya mchangani watoto wanavyokimbilia mpira mmoja mmoja. Subirianeni, rusheni flashi, ingieni kwa mara moja. Na angalieni nani ana kifaa cha kutegulia, huyo asiwe wa kwanza kuingia.

Binti_Tanga:

Na kama sekunde zimebaki chache na hatuna kifaa?

AWP_na_Chai:

Mkiwa chini ya sekunde 10 bila kifaa, au chini ya 5 na kifaa, bomu halitegukiki tena. Kimbieni na bunduki zenu mbali na saiti. AK au M4 uliyobaki nayo ni 2700 na zaidi ambayo huhitaji kuitoa raundi ijayo.

Mlinzi_SaitiB:

Leo saa tatu usiku tunaingia Mirage, tuko watatu, nafasi mbili. @kijana_wa_pc na @Binti_Tanga kama mpo nitumieni friend code zenu za Steam inbox, msiziweke hapa. Tutaanza na mazoezi ya ile mioshi mitatu kama nusu saa halafu ndo mechi.